Jumamosi Hii Bahari Chafu

Safari ile ilitugharimu jogoo mmoja, redio ya babangu, na vipuli vyangu vya dhahabu ambavyo vilirudi, nitaeleza vilivyorudi. Ongeza mitungi miwili ya maji na stovu ya mafuta ya taa isiyowashwa hata mara moja. Nimehesabu mara mbili. Kwa gharama yote hiyo hatukufika hata ng'ambo ya Nyali, sembuse visiwani.

Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia nyumba za mawe ambazo jirani akipiga chafya kwake wewe unamwombea rehema kwako. Walio wadogo watadhani natia chumvi. Wanaonijua Makadara, ninakouza vitambaa, wanajua sinunui kitu kwa bei ya kwanza, hata dawa ya kichwa. Lakini katika biashara ya kwanza ya maisha yangu nilishindwa, na aliyenishinda hakuwa muuzaji. Alikuwa mamangu, amekaa kitako juu ya mkeka, hajapandisha hata sauti.

Yote haya yameletwa na harufu. Mvua ya masika ilipotoboa dari ya ukumbi, nilifungua stoo ya chini ya ngazi kutafuta kitu cha kukingia maji, nikavuta furushi kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani. Sijalifungua bado, pua ilikuwa imeshalijua. Turubai kuukuu lina harufu yake: nta ya uzi wa kushonea, mafuta ya mashine, vumbi la pembe ambako ufagio haufiki, na ndani kabisa kitu kingine ambacho sina jina lake, ila kilinifanya niketi kwenye ngazi ya tatu na kuacha maji yaendelee kudondokea ukumbini.

Babangu alikuwa fundi wa mafriji, karakana yake Bondeni. Mara moja aliitwa mbali, kaskazini ya Lamu, akatengeneze mtambo wa barafu wa wachuuzi wa samaki. Alirudi ngozi imeungua, midomo imepasuka, na ana hadithi moja tu. Kule, alisema, kuna visiwa vimejipanga mbele ya bara kimoja kimoja, kama shanga zilizokatika uzi. Upande wa nje bahari kuu inapiga. Upande wa ndani maji yametulia kama ya birika. "Havina nyumba," akasema. "Havina duka. Havina mtu. Ukipiga kelele anakujibu ndege."

Ili muelewe maneno hayo yalivyotuingia, lazima mkumbuke nyumba yetu. Kutoka dirisha la juu Bibi, yaani mamake Baba, alikuwa akiomba chumvi kwa jirani wa upande wa pili na kuipokea kwa mkono bila kushuka ngazi. Tulijua nani kapika nini, nani kagombana na nani, na nani kasema atarudi saa ngapi na hakurudi. Mahali pasipo mtu. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimewahi kuwa mahali pasipo mtu, hata chooni, maana binamu zangu walikuwa wakigonga.

Basi Baba akaamua tutakwenda wikendi moja. Akanunua turubai, akalishona hema kwa mkono wake ukumbini, sindano ya gunia na nta. Ili apate kipimo alitulaza chini mmoja mmoja. Mimi nililala mara mbili, ya pili kwa kuhakikisha. Ilipofika zamu ya Mama, Mama alikataa.

"Mimi nina kitanda," akasema. "Nina nyumba ya mawe. Babu zangu walijenga kuta hizi ili mimi nisilale mchangani."

"Siku mbili tu, bi mkubwa."

"Hata moja. Nenda na mwanao."

"Utakuja."

"Siji."

"Nitakubeba."

"Basi unibebe na kitanda."

Baba alicheka, akakisia urefu wake kwa macho, akashona. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili adhuhuri alianguka karakanani mbele ya friji aliyokuwa akiifungua, na Magharibi ya siku ile ile alikuwa ameshazikwa. Sitalisimulia hilo. Nyinyi nyote mmeshazika.

Nitakalosimulia ni chumba. Mama alipandishwa chumba cha juu akakaa eda. Wakubwa walilielewa jambo hilo kama mtu anavyoelewa kuwa baada ya Alasiri huja Magharibi. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto. Mimi niliona kwa macho tu. Niliona bangili zimevuliwa, vipuli vimevuliwa, kioo kimegeuzwa uso ukutani. Udi ulikoma, asumini ikakoma. Alivishwa leso nyeupe zisizo jina, yaani zisizo na maneno yaliyoandikwa, na mwanamke wa Mombasa aliyevaa leso isiyo jina ni kama duka lililong'olewa bango: huwezi kujua kama wamehama au wamekufa. Dirisha lilifungwa. Wanaume, hata wajomba zangu wa mbali, waliishia ngazi ya chini. Nikapima mlango wa chumba kile kwa macho, nikakuta hauna kufuli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliyefungwa bila kufuli, utamfungulia kwa ufunguo gani?

Nikamwendea Bibi jikoni. "Mama amefanya nini?"

"Amefiwa."

"Hata mimi nimefiwa. Mbona mimi natumwa dukani?"

"Wewe si mke," Bibi akasema, na kunipa kikapu niende dukani.

Nikaenda nikiwaza. Basi kosa lilikuwa la mke. Nikapitia kila alichofanya Mama kama mke nilichokiona kwa macho yangu, na sikuona kosa ila moja. Alikataa kulala apimwe. Alisema siji. Mumewe amekufa na safari yake mkononi, na sasa Mama analipishwa. Ilinikaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Nilikuja kusoma baadaye, kwa maalim na kwa umri, kwamba eda si adhabu, ni staha, ina mwanzo na ina mwisho unaojulikana. Lakini wakati ule nilikuwa na hesabu yangu, na hesabu ya mtoto ikishatoka huwa haifutiki. Deni ni safari. Safari ikilipwa, mlango utafunguka.

Nilibakisha kikwazo kimoja, nikampelekea Bibi kwa mzunguko.

"Bibi, kizuka haonekani na wanaume?"

Kizuka ndiye mwanamke aliye edani. Hivyo ndivyo walivyomwita Mama siku zile, kana kwamba jina lake nalo limevuliwa pamoja na bangili.

"Wasio maharimu zake, haonekani."

"Na mahali pasipo wanaume kabisa?"

"Mahali gani hapo? Peponi wapo, motoni wapo."

Mimi nilipajua mahali. Havina nyumba, havina duka, havina mtu.

Chombo nacho nilikijua. Ufuoni, chini ya Mlango wa Papa, palikuwa na Mbajuni mmoja akiitwa Bwanaheri, mwenye boti ya mashini, aliyeleta papa mkavu kutoka kaskazini na kurudi na unga na mafuta. Baba aliwahi kumtengenezea sanduku la barafu. Nilimkuta ameketi juu ya gunia akishona wavu, miguu ameinyoosha mbele.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwana wa fundi. Mungu amrehemu babako."

"Amina. Nataka boti."

"Hii hapa. Ichukue."

"Ya kukodi. Ijumaa baada ya sala mpaka Jumapili. Watu wawili, hema moja. Twende visiwani kule, vile visivyo na mtu."

Aliacha kushona. "Kwenda, siku mbili. Kurudi, siku mbili. Na hiyo wikendi yako ina siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi utafika umeshachelewa shule."

"Utakwenda mbio."

"Haya, nitakwenda mbio. Abiria ni nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia sharti, kwamba abiria yu edani, kwa hiyo yeye Bwanaheri asimwone.

"Unataka niendeshe boti mato nimeyafumba?"

"La. Macho wazi. Usitazame nyuma tu."

"Na nikigonga mwamba?"

"Miamba huwa mbele."

Mzee yule aliufunika uso kwa wavu wake, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya Baba, nikangoja kwa adabu. Alipofunua uso alisema bei yake ni ya watu wazima na angetaka arbuni, kitu cha kumwonyesha kuwa sifanyi mzaha. Nikasema nina jogoo. Akasema jogoo ni wa mwendo wa kwenda. Na wa kurudi? Nikavua vipuli hapo hapo, kimoja kimoja, nikavihesabu kiganjani mwake. Leo najua ningeanza na kipuli kimoja.

Redio ilikwenda Makadara, kwa muuza vikuukuu aliyekaa nyuma ya mlima wa feni zisizo na mabawa. Redio ilikuwa ya Baba na betri zake zilikuwa hai bado. Mtu yule aliizungusha, akaisikiliza, akasema ina mkwaruzo.

"Mkwaruzo ni wa taarabu yenyewe," nikasema. "Mwimbaji ana mafua."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi nikupe nini?"

Nikataka stovu na mitungi mitatu. Akatoa stovu peke yake. Nikaenda zangu. Nilipofika pembeni akaniita, na nikajua papo hapo, kwa mara ya kwanza, utamu wa kuitwa ukiwa umempa mtu mgongo. Tukakutana kwenye mitungi miwili. Nimekula chakula cha utamu ule miaka yote hii, lakini siku ile nilipofika nyumbani na ukumbi hauna sauti ya redio, niliketi juu ya mtungi nikaona nimefanya hesabu ambayo sina wa kumwonyesha.

Ila Mama. Nikapanda. Alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho kwenye dirisha lililofungwa kama mtu anayetazama nje. Alikuwa hivyo tangu mwanzo. Hakulia mbele yangu. Alijibu ndiyo, alijibu la, alikula alichopewa na kurudisha sahani. Nikakaa karibu na sikio lake nikamwambia yote: visiwa, hema, Bwanaheri atakayetazama mbele, deni litakalolipwa. Nilipomaliza alibaki akitazama dirisha lile, hata nikafikiri nimeongeza makosa yake. Kisha akanigeukia.

"Mchele umepanga kilo ngapi?"

Lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza tangu Baba afe.

"Kilo mbili."

"Watu wawili, siku mbili, mchele kilo mbili. Unakwenda kufanya harusi huko?" Akajisogeza. "Moja yatosha. Na mbuzi ya kukunia nazi?"

"Visiwani hakuna minazi."

"Ndiyo maana nauliza. Tutachukua nazi, na nazi bila mbuzi utaikuna kwa meno?"

Tangu siku hiyo kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nilipanda chumbani kufanya safari. Mama alikuwa mkali kuliko mteja yeyote niliyekutana naye baadaye. Aliniuliza hema litasimama juu ya nini ikiwa mchanga haushiki vigingi. Nikatumwa kukusanya mawe. Aliuliza maji ya udhu yatatoka wapi, tukabishana kama tutatawadha kwa maji ya bahari au tutatayamamu kwa mchanga. Aliuliza ndege wale ni wa kula au wa kutazama. Alinifundisha kuosha mchele kwa maji kidogo, kufunga fundo la kamba lisilolegea likilowa, kulala na viatu chini ya kichwa ili kaa wasivichukue, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amewahi kulala nje hata baraza. Niliona rangi inamrudia usoni. Sauti yake ikapata pembe tena. Bibi alikuwa akipita na sinia, anasimama kidogo nje ya mlango, anaendelea.

Lakini kila ilipofika Alhamisi na mimi nikasema, "Mama, kesho ni Ijumaa, nimwambie Bwanaheri?" yeye aliinamisha kichwa kwenye dirisha lililofungwa, akasikiliza, akasema:

"Jumamosi hii bahari chafu."

Nikaamini. Nilidhani mtu aliyefungiwa husikia mbali, kama kipofu. Nikateremka mpaka chini ya Mlango wa Papa kumwambia Bwanaheri, na yeye alinisikiliza kwa heshima zote, boti yake imekaa juu ya maji hata haitikisiki, akasema, "Mamako anajua bahari. Tungoje." Wiki baada ya wiki. Jogoo wangu nilimwulizia. Bwanaheri alisema alikuwa na hasira nyingi yule jogoo, ameshamwondolea hasira.

Na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Siwezi kurudi nyuma, redio imekwenda, jogoo ameliwa, vipuli viko kwa mtu. Siwezi kwenda mbele, bahari chafu. Siwezi kumwambia yeyote. Nilikuwa nikilala chini, karibu na stoo ya ngazi ambamo nilificha mali ya safari, juu yangu nasikia Mama anajigeuza, na nilijiona mimi ndiye niliyefungwa zaidi, maana yeye alikuwa na tarehe ya kutoka.

Kila jioni nilihesabu vitu vyangu mle stoo. Hema, stovu, mitungi, kamba, mawe, mbuzi ya nazi, mchele. Vitu saba, bila kuhesabu jiwe kwa jiwe. Jioni moja nikahesabu vinane. Nikarudia. Vinane. Nyuma ya mtungi palikuwa na kopo la tende ambalo si mimi niliyeliweka, wala si Mama, yeye hashuki. Nikamtazama Bibi, ambaye nilikuwa nimemfanya askari wa jela moyoni mwangu kwa miezi. Alikuwa jikoni anapepeta mchele, mgongo kwangu.

"Mtu hasafiri bila tende," akasema, bila kugeuka.

Hakusema lingine, siku ile wala siku nyingine, mpaka akafa. Mimi nilitoka jikoni nikilia machozi ambayo sikuyaelewa, na Bibi akaniita nyuma, "Futa mato hayo, utamtisha mamako."

Siku ya kutoka eda iliangukia Ijumaa. Nyumba ilijaa wanawake kuanzia asubuhi. Walimwogesha Mama, wakamvisha leso mpya yenye jina, wakageuza kioo. Udi ulifukizwa mpaka ngazi za chini, na mimi nilisimama mlangoni nimebeba kamba yangu ya katani, kwa sababu niliona kuwa sasa hakuna kikwazo tena: wala wanaume hawakuwa na maana, wala Bwanaheri hakuhitaji kutazama mbele tu. Nilingoja mpaka wageni walipoingia kwenye biriani. Nikamwendea Mama. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Mama, kesho."

Alitazama dirisha. Safari hii lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linaingia, na sauti za njiani, na harufu ya mihogo ya jirani. Kwa mara ya kwanza kwa muda wote ule ningeweza na mimi kusikiliza anachosikiliza.

"Jumamosi hii bahari chafu," akasema.

Niliteremka mbio. Bahari ilikuwa imelala kama sinia. Hakuna hata kunyanzi. Mtoto angeweza kuivuka na karai. Nilisimama pale mpaka Bwanaheri akaniona, akaja, akatoa mfukoni kikaratasi cha kufungia tumbaku. Ndani mlikuwa na vipuli vyangu, vyote viwili.

"Jogoo siwezi kumrudisha," akasema.

"Kwa nini wanirudishia? Hatujakwenda bado."

"Nimeshapeleka abiria wengi, mwanangu. Nawajua wanaokwenda na wanaopanga."

Mlango ulikuwa umefunguliwa na deni halikuwa limelipwa. Hilo ndilo lililonichanganya kwa miaka. Mama alitoka nje, msifikiri hakutoka. Alikwenda matangani, alikwenda hospitali, alikwenda Bondeni kwa dadake siku za Idi. Lakini alitoka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Alikaa ukingoni mwa kiti, buibui hajalivua, na kabla ya Alasiri alikuwa ameshaaga. Wachumba wawili walituma watu, akawarudishia shukrani. Alizeeka ndani ya kuta zile zile ambazo babu zake walijenga ili asilale mchangani. Na mimi, niliyeapa nitahama nikipata tu njia, nimebaki naye. Watu wanasema ni mapenzi ya mama. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba sijui kumwacha mtu katika chumba kisicho na kufuli.

Sasa turudi kwenye ngazi ya tatu, nilipoketi na turubai mapajani, maji yanadondoka. Sauti ya Mama ikatoka chumbani kwake. Magoti yake yamechoka na macho yameingia ukungu, lakini pua ni nzima.

"Limetoka?"

"Nini, Mama?"

"Hema la babako. Limetoka? Basi iwe Jumamosi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alhamisi ikafika, akaniuliza nimemwambia nani wa boti. Na mimi, ambaye huwaambia wateja ukweli wa kitambaa hata kikiwa kinachuja, nikajikuta nimesema, "Jumamosi hii bahari chafu, Mama."

Halafu akasema, "Hayo maneno ni yangu. Uliyatoa wapi?"

Alhamisi ya pili nilijaribu bei ya nusu. Nikamwambia twende ufuoni, pale Mama Ngina, jioni, nitamkodishia tuktuk mpaka mlangoni, tule mihogo ya pilipili, tunywe madafu, tuitazame bahari ile ile. Alinitazama kama ninavyowatazama wateja wanaonipa nusu ya bei.

"Huko kuna watu," akasema.

Alhamisi ya tatu nikamwuliza ana nini na visiwa hivi, yeye ambaye zamani hakutaka kuvisikia. Alikuwa ananyoosha leso magotini, anaikunja, anainyoosha.

"Nilimwambia siji," akasema. "Siku ile anashona. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa babako."

"Mama, mlikuwa pamoja siku tatu baada ya hapo."

"Siku tatu za chumvi iko wapi na nani kafunga bomba. Hayo si maneno."

Maisha yangu yote nimemcheka yule mtoto wa miaka tisa aliyedhani mamake amefungwa kwa kosa la kukataa safari. Kumbe tulikuwa wawili tuliopata hesabu ile ile, mmoja ndani ya mlango na mmoja nje, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake karatasi. Mimi ilinitoka nilipokua. Yeye amekaa nayo. Ile eda ya sheria ilikwisha kwa udi na biriani. Hii nyingine hakuna aliyekuja kumwogesha akatoka.

Basi ndiyo naandika. Dada zangu wa kwa baba mdogo wanasema Mama anaanza kupotea akili, nisimfuatilie. Daktari anasema magoti yale hayawezi boti. Kila ninayemuuliza habari za kaskazini ananiambia njia si salama kama zamani, na wenye boti wa leo wanataja bei ambazo hata mimi nikiwapa mgongo hawaniiti. Bwanaheri alishakwenda kwa Mola wake. Kuna waliosema nimpeleke mchanga wowote ulio karibu, nisimamishe hema, nimwambie ndiko huku, kwa macho yale hatajua. Ameishi na uongo wa bahari chafu akiujua ni uongo. Mtamdanganya vipi aliyeutunga?

Nyinyi mliolea wazazi wazee, na nyinyi mliowazika na mkabaki na jambo mkononi, niambieni. Nimchukue, kwa magoti yale na njia ile, alale usiku mmoja mchangani katika hema alilokataa kupimiwa? Au niendelee kumwambia bahari chafu mpaka siku zake ziishe? Msiniambie nimwombee subira, hilo ninalifanya. Keshaweka mbuzi ya nazi karibu na mlango. Jana jioni nilihesabu vitu vilivyo kando yake, nikahesabu tena, nikakuta pamezidi kopo la tende, na sikuliweka mimi. Nijibuni kabla ya Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku anayouliza.